Kibuyu cha Papasi

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na cheti changu cha uuguzi na ukunga bado kipya mkobani, nilipopanda lori la Mbeya kwenda Sumbawanga kuolewa na kuanza kazi, vyote kwa pamoja. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mfipa wa vijiji vya chini ya milima ya Mbizi. Alikuwa amenionya juu ya mambo mengi: upepo wa Juni, uhaba wa ndizi, ukali wa mama yake. Juu ya papasi hakusema neno. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alishangaa kweli kweli. Kwake papasi walikuwa sehemu ya nyumba tu, kama mafiga.

Nyumba ya mama mkwe ilikuwa ya udongo na nyasi, kubwa, ya zamani, yenye jiko katikati na sakafu iliyopasuka pasuka. Papasi, hao kupe wa sakafuni, walikaa humo nyufani. Ukikwangua ufa kwa kijiti unamtoa mmoja, wa rangi ya vumbi, mwenye ngozi kama kiatu kikuukuu, na akijiona ametolewa anajikausha kama kijiwe. Hawana haraka. Wanasubiri mtu alale, wanakuja, wanakunywa damu, wanarudi zao. Wanaweza kukaa miaka bila kula na wasife. Nilikuwa nimeyasoma hayo chuoni, na bado nililala pale kwa sababu bibi harusi halali zahanati.

Wiki ya pili nilianguka. Sijawahi kuugua vile kabla wala baada. Kichwa kilipasuka, mifupa ya miguu iliniuma hadi nikalia kama mtoto, nilitapika, pua ikatoka damu. Mama mkwe aliketi kando ya kitanda akinipa uji wa ulezi kwa kijiko, na jirani alipochungulia mlangoni kuuliza, akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Papasi wamemwona mgeni. Watamzoea."

Siku ya tano homa ilishuka kwa jasho, nikajua nimepona. Baada ya wiki moja ikarudi. Ikashuka tena, ikarudi tena, kila mara nyepesi kidogo kuliko ya kwanza. Katika ile ya pili niliharibu mimba ya miezi mitatu niliyokuja nayo, ambayo nilikuwa sijamwambia mtu isipokuwa mume wangu. Mama mkwe alifanya yote yaliyotakiwa kufanywa na mwanamke mkubwa wa nyumba. Alifukia, akafua, akanikanda kwa maji ya moto. Kisha hakulitaja tena jambo hilo, si siku hiyo wala mwaka ule. Nami kimya chake nilikitafsiri nilivyotaka. Niliamini kwamba mwanamke huyu aliyesema papasi watanizoea alikuwa amemhesabu mtoto wangu kama ada ya kuingilia nyumbani kwake. Nilimchukia, na sioni haya kusema, maana chuki hiyo ndiyo iliyonitia nguvu ya kuamka.

Chuoni mwalimu wetu alitueleza homa hii kwa habari ya makoti. Vijidudu vyake, alisema, vinaingia mwilini vikiwa vimevaa koti la aina moja. Mwili unachukua siku nne, tano, kulitambua koti hilo, kisha unavikamata karibu vyote, na homa inashuka. Lakini vichache vinakuwa vimekwisha kubadilisha koti. Vinazaana kimya kimya, na homa inarudi, na mwili unaanza kujifunza upya, safari hii kwa haraka zaidi. Mtu aliyeumwa na papasi tangu utotoni ana kumbukumbu ya makoti mengi, ndiyo maana haugui, au anaugua alasiri moja na kesho yake analima. Ila kumbukumbu hiyo inataka kukumbushwa. Mtu akikaa miaka bila kuumwa, inafifia. Na mimba huilegeza. Niliyaandika yote hayo katika daftari, nikapigia mstari neno mimba, nikajibu mtihani, nikafaulu.

Mambo yakaenda kama daftari lilivyosema. Mwaka wa pili nilikuwa naumwa na papasi kila wiki na nisiugue. Mara moja tu nilipata baridi ya mchana mmoja nikiwa shambani, tukipindua matuta yetu ya mviringo ambamo majani hufukiwa yaoze. Mama mkwe aliniona nikijifunika kanga na kutetemeka juani, akacheka.

"Sasa umekuwa wa hapa," alisema.

Nilikasirika. Sikutaka kuwa wa hapo kwa njia hiyo.

Ndipo ikaja Operesheni. Watu wa vijiji vyote vya mbali walitakiwa kuhamia kijiji kimoja kando ya barabara, palipopimwa viwanja kwa kamba, panapo shule, bomba na zahanati yangu. Wengi walilia. Mimi, nitasema kweli, nilishangilia. Wengine waliona nyumba za babu zao zikiachwa. Mimi niliona nyufa zikiachwa. Nilisimamia ujenzi wa nyumba zetu mbili, yetu na ya mama mkwe, kama askari. Sakafu nilizipiga mwenyewe kwa udongo na samadi, nikazisiliba kila Jumamosi ili ufa usipate nafasi. Godoro la nyumba ya zamani nililichoma. Ngozi za kulalia nilizianika juani siku tatu. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mpole mwenye baiskeli moja na maneno mengi, alikuwa akileta wageni kuja kuangalia sakafu zangu.

Siku ya tatu baada ya kuhamia nilimkuta mama mkwe amepiga magoti nyumbani kwetu, upande wa kitanda changu, na kibuyu kidogo mkononi kilichozibwa kwa gunzi la mahindi.

"Shikamoo mama. Una nini humo?"

"Marahaba. Udongo."

"Udongo wa nini?"

"Wa nyumbani."

Nilikichukua, nikakizibua. Ulikuwa udongo kweli, wa ile sakafu ya zamani, na ndani yake papasi wapatao kumi, wamejikausha kama vijiwe.

Alinieleza bila kuona aibu. Kwao watu wakihama walihama na papasi wao, akina mama wenye busara ndio waliowabeba. Damu ya mtu, alisema, ina kichwa kama mtu mwenyewe: usipoikumbusha inasahau, na ikishasahau, siku ukilala nyumba ya wenzio utakuwa mgeni. Maneno yale yalikuwa yale yale ya daftari langu, tofauti ni kwamba hayakuwa na makoti. Nililijua hilo pale pale niliposimama. Na badala ya kumwambia, "Mama, umesema kweli, lakini kuna jambo la pili," nilitoka nje, nikachukua birika lililokuwa likichemka kwa ajili ya chai, nikamimina ndani ya kibuyu hadi kikafurika.

Alisimama mlangoni akitazama.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

Akachukua kibuyu na gunzi lake, akaenda zake.

Miaka mitatu ilipita. Zahanati haikupokea homa ya papasi hata moja kutoka kijijini kwetu, nami nilitembea kifua mbele. Huko vitongojini, kwa wale waliobaki au waliorudi kimya kimya katika mahame yao, bado nilikuwa naitwa kuzalisha, na mara nyingi nililala huko. Lakini nilikuwa na shuka langu la kuning'iniza na dawa ya unga ya kunyunyizia kitanda. Nilijiamini kupita kiasi. Mwishoni mwa mwaka wa tatu nikashika mimba, baada ya kusubiri hadi watu wakaacha kuniuliza. Sikumwambia mama mkwe. Hakuhitaji kuambiwa, maana siku moja tu aliniondolea ndoo ya maji kichwani bila neno, akaibeba yeye.

Mwezi Machi, mvua zikiwa hazijaacha, akatangaza safari.

"Nateremka Muze kumwona dada yangu."

Muze iko chini bondeni, upande wa ziwa Rukwa, kwenye joto na mbu. Mume wangu alimwomba angoje barabara ikauke. Alikuwa mwanamke asiyeambilika. Akafunga furushi, akaondoka kwa miguu, akarudi baada ya siku nne. Leo nashangaa jinsi nilivyokuwa kipofu: mtu ametoka Muze bila mchele na bila hata samaki mkavu mmoja, nami nisiulize.

Wiki moja baadaye alianguka. Homa kali, kichwa, kutapika. Nilisema mara moja kwamba ni malaria ya bondeni, nikampa klorokwini kwa kipimo, kwa saa zake. Siku ya nne ikashuka kwa jasho jingi. Nilimwambia mume wangu, "Umeona?" Mama mkwe alianza kunywa uji, akakaa nje kwenye jua akichambua maharage, na mimi nikaandika katika kitabu cha zahanati kwamba mgonjwa amepona.

Siku ya saba ya kupona kwake, ikarudi. Nilimkuta asubuhi amelala kwenye sakafu yangu safi, macho ya manjano, damu imekauka puani. Mwili wa mwanamke yule, ambaye kwa miaka yote sikuwahi kumsikia akisema anaumwa hata jino, ulikuwa ukitetemeka kama wangu siku zile. Malaria haisubiri wiki nzima halafu ikarudi hivyo. Ipo homa moja tu tuliyoijua yenye mwendo ule.

Lakini papasi wa wapi? Nilipekua kitanda, kuta, nyufa zisizokuwepo. Mwishowe nikafungua lile furushi la safari, ambalo lilikuwa bado limening'inizwa kwenye mwamba wa paa. Ndani ya kanga kuukuu kulikuwa na kibuyu kile kile, na gunzi lile lile. Nilikitikisa karibu na sikio. Kilikuwa kizito kwa udongo.

Hakuwa amekwenda Muze. Alikuwa amerudi hameni, akalala siku tatu katika nyumba yake ya zamani iliyokwisha kuanguka upande mmoja, kwa sababu papasi hawatoki mpaka pawe na mtu wa kumla. Alijiweka chambo. Damu yake, ambayo mimi nilikuwa nimeisahaulisha kwa miaka mitatu ya samadi na maji ya moto, ilikuwa imepokea wageni isiowajua tena.

Sikuwa na muda wa kulia. Njia ya hospitali ya Sumbawanga ilikuwa imekatwa na mto, mume wangu alikwenda kuangalia kwa baiskeli akarudi amelowa hadi kifuani. Nilikuwa na penisilini. Nilijua pia jambo ambalo ndugu wa mgonjwa hawalijui: kwamba dawa hiyo ikianza kuviua vile vidudu, mgonjwa kwanza huwa mbaya zaidi. Homa hupanda, mwili hutikisika, moyo hukimbia, na wapo wanaokufa saa hiyo hiyo, hasa wazee na waliodhoofika. Bila sindano angeweza kufa baada ya siku mbili, na akichomwa angeweza kufa kabla ya chakula cha mchana. Nilichemsha sindano, nikachemsha na ya pili, nikavuta dozi ndogo kuliko ya kitabu, nikamchoma saa tatu asubuhi.

Saa nne akaanza. Kitanda kiligonga ukuta. Meno yalilia. Kipimajoto nilikisoma mara mbili kwa sababu sikutaka kukiamini. Nyumba ilikuwa imejaa watu, kama ilivyo desturi, na wote walikuwa wameona kwamba kabla ya sindano alikuwa akiongea na baada ya sindano haongei. Balozi alinivuta kando.

"Nesi, umemchoma nini mama huyu?"

"Dawa."

"Dawa gani inayomfanya hivi?"

"Inayomponya. Toeni watu nje, niachieni maji na kitambaa."

"Kama hukuwa na uhakika, dada, ungesema. Hakuna ambaye angekulaumu."

"Nina uhakika," nilisema. Nilikuwa na uhakika na ugonjwa. Kwamba angepona, sikuwa nao hata kidogo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu niligundua, huku nikimsugua miguu, kwamba kama angekufa mikononi mwangu nisingeweza kuishi katika nyumba ile, na kwamba haikuwa kwa sababu ya maneno ya watu. Nilimpenda mwanamke huyu. Sikujua ilianza lini.

Nilikaa naye. Nilimshikilia mabega asijigonge, nikampa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko kama alivyonipa uji, nikahesabu mapigo, nikahesabu tena. Mtoto aliruka tumboni mwangu mara mbili, nikamwambia atulie, nina kazi. Saa saba jasho likatoka. Saa nane mkono wake ukapoa, mapigo yakawa dhaifu hadi nikayatafuta shingoni, na hapo nikainua kitanda upande wa miguuni kwa matofali mawili na kungoja. Saa kumi akafumbua macho, akaniangalia, akaangalia kibuyu nilichokuwa nimekiweka dirishani.

"Usimwage," alisema.

Sikumwaga. Siku mbili kilikaa pale, gunzi limebana, hadi alipoweza kuketi. Mume wangu alitaka tuzungumze naye kwa ukali, mama kadanganya, mama nusura ajiue. Nilimwambia atoke. Nilileta kigoda, nikaketi mbele yake, nikamuuliza kwa nini.

"Mimi ni mzee," alisema. "Papasi ni wa nini kwangu? Hata wale wa kwanza sikuwabeba kwa ajili yangu. Nilikuwa nawaweka kwenye kitanda chako."

Akakionyesha kibuyu kwa kidevu.

"Mimba ya kwanza ulikuja nayo damu yako ikiwa haijui kitu. Ikajifunza, lakini mtoto akaenda. Nilisema basi, angalau imejifunza, nitailinda isisahau. Ukamwaga. Sasa una mimba nyingine, na unalala nyumba za watu ukizalisha. Siku moja tu dawa yako ya unga ikikuishia, yatakuwa yale yale. Mimi ndiye niliyefukia, si wewe. Napajua mahali pale."

Nililia hapo, kwa sauti. Kwa miaka yote nilidhani amesahau.

Kisha nikaenda kuleta daftari. Lilikuwa limeliwa na mchwa pembeni, lakini ukurasa ulikuwepo. Nilimsomea yote: makoti, kumbukumbu, kufifia kwake. Alitikisa kichwa kukubali kila sentensi, kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi. Nilipofika kwenye neno lililopigiwa mstari nikasimama kidogo, kwa sababu hapo ndipo nilipopaswa kufika miaka mitatu iliyopita, nikiwa na birika mkononi.

"Mama, kuna jambo la pili. Mwanamke akiwa na mimba, kumbukumbu hiyo hulegea. Hata awe amezaliwa na papasi, amelala nao maisha yake yote. Yeye anaweza asiugue sana. Mtoto ndiye anayeumia. Hao waliomo kibuyuni wangenila mimi, na yeye pia."

"Hata aliyezaliwa nao?"

"Hata huyo."

Nje wanawake walikuwa wakitwanga, na mtu alikuwa akiita mbuzi.

"Mimi nilifukia wawili," alisema, "kabla ya mume wako. Miezi mitano mmoja, sita mwingine. Sikuugua. Kichwa tu kiliniuma kidogo, siku moja moja. Walisema ni jicho la mke mwenza."

Daftari langu halikuwa na ukurasa wa hilo. Nilishika magoti yake, naye akaniacha niyashike.

"Chemsha maji," alisema.

Nilichemsha. Nilipolileta birika nilitaka kumimina mwenyewe, kwa kuwa alikuwa bado hawezi hata kusimama, lakini alininyooshea mkono hadi nikampa. Akaniambia nizibue kibuyu na nikishike vizuri, nisijiunguze.

"Basi tuwe wageni sote wawili," alisema, akaanza kumimina. Birika lilimlemea, lakini hakuniachia.